Misa ya shukrani bila hela

Sista, tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu anaweka nadhiri za kwanza za utawa Desemba. Mikorosho yetu imepukutisha maua kwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, sina hela ya nia, yaani sadaka ya kumwomba padre atuadhimishie Misa ya shukrani. Nisubiri msimu ujao? – Mama, Masasi

Milele amina. Usisubiri, mama. Hela ile si bei ya Misa. Kanuni ya 945 ya Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kuadhimisha Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata wasipopokea kitu. Mwone paroko, umweleze waziwazi. Sisi wa kusini tunaona haya mno! Ukitaka kupeleka vipaji, yaani matoleo ya altareni, bakuli la mbaazi latosha. Na Desemba 31 ukaimbe Te Deum, utenzi wa kumshukuru Mungu kwa mwaka.