Maswali na Majibu: Baitikodi na Msimbo Ilikotoka

Swali (Nyegezi): Programu yangu ya Java ikianguka, taarifa ya hitilafu huandika "Unknown Source" mahali pa namba ya mstari. Kwa nini?

Jibu: Aliyekompaili, yaani aliyegeuza msimbo chanzo kuwa baitikodi ambayo mashine ya Java huiendesha, aliweka chaguo la -g:none linaloacha taarifa hizo nje, au kifaa cha kuficha majina kiliondoa taarifa hizo. Kwa kawaida javac, kompaila ya Java, huhifadhi jina la faili la msimbo chanzo na namba za mistari bila kuombwa. Yasiyohifadhiwa mpaka uweke -g ni majina ya vigeu vya ndani. Endesha javap -l, kifaa cha kuchungulia baitikodi, juu ya faili la klasi, na usipoona LineNumberTable (orodha ya namba za mistari), kompaili upya.

Swali (Musoma): Je, -g haitapunguza kasi ya programu?

Jibu: Hapana. Faili litanenepa kidogo, basi.

Swali (Igoma): Nimeibiwa kompyuta mpakato iliyokuwa na msimbo wote wa programu ya mizani ya mnunuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. JAR, yaani faili la programu iliyokwisha kukompailiwa, ipo kwake. Dikompaila (kifaa cha kugeuza baitikodi kuwa Java tena) ipi itanirudishia kila kitu?

Jibu: Pole kwa wizi, ndugu yangu, lakini hakuna, na swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyopenda. CFR, au Fernflower iliyomo ndani ya IntelliJ IDEA, itakupa Java inayosomeka, ila haitakuwa ile uliyoiandika. Maelezo uliyoyaweka pembeni ya msimbo hayamo kabisa, kwa kuwa kompaila huyatupa. Kama hukutumia -g, kigeu ulichokiita uzitoSafi kitarudi kikiitwa var3 au jina la namna hiyo. Hata BARAFU = 2.0, iliyotangazwa static final (thamani isiyobadilika), kila inapotumika kompaila hubandika tarakimu yenyewe. Utakuta uzito unapunguzwa 2.0 bila neno la kukukumbusha kwamba hizo ni kilo za barafu ndani ya tenga. Mvuvi akija kudai kilo zake mbili, utamwonyesha nini? Nakili JAR hiyo leo, kabla mteja hajabadilisha mashine, kisha weka msimbo kwenye Git, hifadhi ya matoleo ya msimbo, iliyo nje ya mkoba wako. Na anayetaka kudikompaili kazi ya mwenzake ili aiuze, asome leseni kwanza.

Swali (Bukoba): Hitilafu za programu yetu ya Android zinaonyesha a.b.c tu. Je, mapping.txt (ramani ya majina yaliyofupishwa) ya toleo jipya itafaa kusomea toleo la zamani?

Jibu: Haifai. R8, kifaa cha Android kinachofupisha majina, hutoa ramani yake kwa kila toleo, na retrace, kifaa cha kurudisha majina ya awali, ukiipa ramani ya toleo jingine itakutajia jina la uongo bila kusita. Hifadhi kila ramani pamoja na toleo lake siku hiyo hiyo.

Swali (Ukerewe): Nitajuaje JAR iliyo kwa mteja ilitoka komiti ipi, yaani hali ipi ya msimbo iliyohifadhiwa kwenye Git?

Jibu: Andika namba ya komiti ndani ya META-INF/MANIFEST.MF, faili la maelezo lililo ndani ya JAR, wakati wa kuijenga. Usitegemee kulinganisha JAR mbili baiti kwa baiti, kwa sababu saa zilizoandikwa ndani yake zinatosha kuzitofautisha hata kama msimbo ni ule ule.