Kwa mnaoanza kuchora ramani za mabonde ya Pemba

Ukipewa bonde la kijito huku Pemba ulipime, jioanuwai na bioanuwai yake, yaani aina za miamba, udongo, maji na sura za ardhi pamoja na viumbe vilivyomo, usianze na kompyuta. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, onesha kibali chako, umwombe akupatie mtu mzima anayelima bondeni. Siku ya kwanza mfuate kutoka mgongo wa kilima mpaka mikokoni, na kazi yako iwe kusikiliza.

Nusu ya ramani ile tayari wanayo wakulima. Kichanga, kinongo (udongo mwekundu wa kina), kinamo, uwanda (ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba): mgawanyo huu wa udongo hata wataalamu wa kilimo Zanzibar wanautumia. Babu mmoja niliyemfuata aliinama, akachota udongo, akauvingirisha kiganjani mpaka ukawa kamba nyembamba isiyokatika. "Kinamo hiki, mwanangu. Mpunga." Tukapanda hatua kama thelathini, akachota tena; safari hii ukamwagika vidoleni. "Kichanga. Muhogo." Mpaka ule picha ya setelaiti isingenionesha kamwe, maana juu yake miembe imeshonana.

Na picha hizo Pemba zinapoteza watu sana. Mikarafuu na miembe ukiitazama kutoka juu ni msitu mtupu. Niliwahi kupaka mteremko mzima rangi ya msitu, nilipofika nikakuta karafuu za watu, mashamba ya eka tatu tatu ya mgao uliofuata Mapinduzi ya 1964. Kila rangi unayoipaka, kaikanyage.

Hapo ndipo ugawe bonde miraba. Kwa bonde dogo mimi hutumia ya mita 250 kila upande. Kila mraba hesabu aina za miamba, udongo, miinuko na maji, kisha miti na ndege kwa miraba hiyohiyo, ulinganishe. Kwenye msitu wa hifadhi wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba, utaona jinsi ardhi inavyoamua: penye udongo wa kina pana msitu mrefu, penye mawe ya matumbawe pana vichaka, na penye mchanga uliochujwa rutuba pana uoto mfupi wa namna yake. Lakini usiiamini jumla peke yake. Mraba wa uwanda utapata alama ndogo, ilhali kule Unguja ni vichaka vya uwanda huohuo vinavyomhifadhi paa nunga, ambaye yuko hatarini kutoweka. Pembeni ya kila alama andika kilichomo humo kisichopatikana kwingine. Popo wa Pemba naye hulala bonde moja na kula matunda bonde jingine, kwa hiyo mpaka wa bonde uliouchora kwa kufuata maji haumtoshi.

Nenda mara mbili, kiangazi na masika. Kijito nilichokiandika "mkavu" mwezi wa pili, mwezi wa nne nilikivuka maji yakiwa kiunoni, vyura wakilia pande zote. Ningekwenda mara moja tu, vyura wote wale wasingekuwamo kwenye ramani.

Ikikamilika, ichapishe kwa ukubwa, uweke majina waliyokupa wenyewe, uirudishe. Yangu niliitandaza barazani kwa sheha. Babu aliitazama muda mrefu, akaweka kidole penye chemchemi. "Hii mmeiweka ng'ambo siyo." Jioni ileile tukateremka kuitazama. Ilikuwa upande aliousema.