Maswali na Majibu: Msaidizi wa Mbali Ofisini

Safari hii tunajibu wenye biashara ndogo wa Tanzania waliouliza kuhusu msaidizi anayefanya kazi za ofisi akiwa kwake, kwa kompyuta na intaneti.

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Karani na mhasibu wangu wamezidiwa. Msaidizi wa mbali nimpe kazi gani?*

Waandike kwa wiki moja kila wanachofanya na dakika kinazochukua. Za kuhamisha ni zile zinazojirudia na zisizohitaji mtu kuwepo: kuandaa proforma (ankara ya bei anayopewa mteja kabla ya kununua), kukumbusha wadaiwa, kuingiza stakabadhi za manunuzi kwenye jedwali. Fedha taslimu, kuhesabu mali stoo na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, vibaki dukani.

Kazi yenye faida kuliko zote, na wengi huisahau, ni kulinganisha mauzo. Jioni karani akishatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya EFD, aipige picha na kuituma pamoja na taarifa ya miamala ya Lipa Namba na jumla ya fedha taslimu. Z ikizidi makusanyo, mara nyingi kuna mali iliyotoka kwa mkopo ikakatiwa risiti. Makusanyo yakizidi Z, ama mteja kalipa deni la zamani, ama kuna mauzo yasiyokatiwa risiti. Hilo la pili ulijue kesho yake asubuhi, si tarehe 19 huku ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inadaiwa tarehe 20.

*Nimpe nenosiri la barua pepe ya ofisi?*

Usimpe. Kama mnatumia Gmail, ifungue kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uongeze anwani yake pale panaporuhusu mtu mwingine kuingia kwenye akaunti yako. Atatumiwa mwaliko, asipoukubali ndani ya wiki moja unakufa. Atasoma, atajibu na hata kufuta barua, ila hawezi kubadilisha nenosiri. Siku mkiachana unamwondoa palepale.

*Na WhatsApp ya biashara, simu ikiwa kwangu?*

Simu moja huunganishwa na vifaa vinne vingine. Hana haja ya kuja kuskani: kwenye kompyuta yake achague kuunganisha kwa namba ya simu, atapata msimbo wa herufi na tarakimu, jumla yake nane, akusomee, nawe uuandike kwenye simu yako upande wa vifaa vilivyounganishwa. Fanyeni hivyo mkiwa mnaongea. Msimbo ukiletwa na mtu usiyemtarajia, huyo ni tapeli.

Simu isipotumika zaidi ya siku 14, vifaa vyote hutolewa. Na kumbuka, ataona mazungumzo yote, kwa hiyo laini ya biashara isiwe ileile unayoongea na shemeji.

*Tangu msaidizi aanze, wateja wanalalamika kupigiwa mara mbili kwa deni moja, na karani wangu amenuna.*

Kazi moja mmeiwekea wenyewe wawili. Tengenezeni jedwali la pamoja lenye safu sita: mteja, namba ya ankara, kiasi, aliyeshika, alichoahidi mteja, tarehe ya kumfuata tena. Asiyeandikwa kwenye "aliyeshika" hapigi simu. Kisha gawa kwa umri wa deni: hadi siku 30 ni la msaidizi, likivuka hapo ni la karani anayewajua wateja kwa sura. Karani mpe yeye usimamizi wa jedwali. Kununa kwingi hutokana na hofu ya kunyang'anywa kazi, na hapo atajua kwamba kaongezewa.

*Anaweza kunilipia wauzaji kwa simu yangu?*

PIN haitoki kwako, hata kama ni mdogo wako wa damu. Yeye aandae orodha ya malipo kila Alhamisi: jina la muuzaji, namba, kiasi, na picha ya ankara. Wewe ulipe Ijumaa. Namba ya muuzaji ikibadilika, mpigie kwanza kwa namba ya zamani.