Mwenzi sikumchagua, nitaishi naye vipi?

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 19. Nimeitwa kuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kwa miezi 24, katika nchi ambayo hata salamu zao sizijui. Kuhubiri hakunitishi. Nimekua peke yangu, sijawahi kulala chumba kimoja na mtu, na sasa naambiwa nitakuwa na mwenzi, yaani mmisionari mwenzangu niliyepangiwa, usiku na mchana. Siku ya mmisionari huwa inakwendaje? Na huyo mwenzi tukishindwana je?
Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeogopa panapostahili kuogopwa. Wengi wanaoniandikia huhofia kufungiwa milango. Mlango ukifungwa unakwenda wa jirani, yamekwisha. Mwenzi unarudi naye nyumbani.

Ratiba utaizoea upesi. Kwa kawaida mnaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnafanya mazoezi ya viungo, unajisomea maandiko, kisha mnasoma wawili, na kwa mgeni wa lugha kama wewe kuna muda wa lugha. Halafu mnatoka: kufundisha, kumbebea mtu vyombo anapohama, kuwafuata waliosema "njooni kesho" ambao kesho yenyewe hawapo. Saa tatu usiku mmesharudi, na saa nne na nusu mko kitandani. Ziko misheni zinazosogeza saa hizo kidogo kulingana na mazingira. Rais wa misheni, yaani msimamizi wa wamisionari wa eneo lenu, atakuelekeza.

Sasa huyo mwenzi. Kanuni ni kwamba muda wote muweze kuonana au kusikiana, ukiacha bafuni na mahali kama hapo. Mimi nilitumikia miezi 18, ile ya akina dada, na kati ya wenzi wangu alikuwapo mmoja aliyepiga pasi kila usiku huku akiimba kwa puani. Wimbo uleule, tena ubeti wa kwanza tu, wa pili haufiki! Nikawa namwambia "asante" na "samahani" kupita kiasi, ile adabu ya mtu aliyenuna. Chumba kikawa kidogo kweli.

Tulichokuwa nacho ni kikao cha wiki. Kila wiki wenzi hukaa kupanga kazi, na humo mna nafasi ya kuambiana yanayowakera. Usiruke sehemu hiyo hata kama wiki imekwenda vizuri, maana ukiitumia siku ya ugomvi tu, mwenzako atakuwa ameshajua anaitwa kushtakiwa. Nilimtajia pasi na wimbo. Naye alikuwa na lake: nikimaliza kuvaa viatu nasimama mlangoni na mkono kwenye kitasa, bila kusema neno, na yeye anaona kama anafukuzwa. Tukakubaliana apige pasi mimi nikiwa naoga, nami nimsubiri nimekaa. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana, lakini kazi ilikwenda.

Uhamisho nao upo, takriban kila wiki sita, na wenzi wanaweza kubadilishwa. Usiishi kwa kuhesabu siku za uhamisho, lakini ni vyema ujue upo. Kama jambo limevuka kero, yaani anakutukana, anakutisha, anatoka usiku na kukuacha, mpigie rais wa misheni siku hiyohiyo. Huko si kusengenya. Vilevile kila wiki utamwandikia barua. Hiyo usiijaze "tunaendelea vizuri" wakati hulali wala huli. Ukiona hali hiyo imekushika, mwambie mapema, msaada wa kitaalamu unapatikana.

Kuhusu lugha sina mengi. Mwenzi akiwa mwenyeji, mwombe mzungumze lugha yao tangu mkiamka mpaka mchana, hata kama utasema kama mtoto. Na watoto wa mnaowatembelea ndio walimu, watakucheka na kukusahihisha papo hapo.

Siku ya maandalizi ni moja kwa wiki: kufua, kununua mahitaji, kuandika barua. Ilinde, ila jioni kazi inaanza tena. Tangu mwaka 2019 mnaruhusiwa kuzungumza na nyumbani kila wiki. Sisi tulikuwa na Krismasi na Siku ya Mama basi, kwa hiyo msiniambie mnateseka. Wasimulie wazazi mambo ya kazi na watu uliokutana nao. Malalamiko ya mwenzi yapeleke kwenye kile kikao, maana wakati unaongea na simu naye yumo humohumo chumbani. Usidanganyike kwamba haelewi lugha ya kwenu; jina lake atalisikia, na kicheko cha wazazi wako pia.