Jibu: Kwa nini magari ya umeme yanatamba Pikes Peak?
Mkuu, umeuliza inakuwaje gari lenye betri nzito liyaache magari ya petroli kwenye mbio za kupanda Pikes Peak kule Colorado, Marekani. Jibu ni hewa. Mbio zinaanzia mita 2,862 juu ya usawa wa bahari na kuishia kileleni, mita 4,302, kwa njia ya kilomita 20 yenye kona 156. Huko juu hewa ni haba, injini ya petroli inakosa pumzi na kupoteza theluthi ya nguvu zake au zaidi. Turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, inasaidia, ila haimalizi tatizo. Mota ya umeme haihitaji hewa: dereva akikanyaga, nguvu ni ileile chini hadi juu.

Uzito nao una dawa. Safari ni fupi, kwa hiyo betri ndogo inatosha, na kila breki kwenye kona inairudishia chaji kidogo. Volkswagen I.D. R, gari la umeme la dereva Romain Dumas, halikufika kilo 1,100. Mwaka 2018 Dumas alimaliza kwa dakika 7 na sekunde 57, akavunja rekodi ya dereva Sébastien Loeb ya dakika 8 na sekunde 13.

Lile bawa kubwa la nyuma si mbwembwe. Hewa haba hailikandamizi gari barabarani vya kutosha, ndiyo maana bawa linakuwa kubwa. Na king'ora unachosikia kwenye video za mbio hizo ni cha kuwaonya watu walio kando ya barabara, maana gari halingurumi.