Mbona karatasi ya meya sijawahi kuiona?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na nyumbani ni Mabatini. Vijana wanaotupakilia magunia kutwa wanamzungumzia meya wa New York aliyezaliwa Kampala, wanasema wananchi wamemchagua wenyewe. Mimi napiga kura ya rais, mbunge na diwani. Karatasi ya meya sijawahi kupewa. Ya kwetu inapigwa wapi?
Mama Dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba mama. Hakuna aliyekunyima karatasi, haipo. Kwetu unamchagua diwani, kisha madiwani wanakaa kwenye baraza na kumchagua meya miongoni mwao. Tena meya huyo anaongoza vikao tu, kwani mtendaji ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais.

Vijana wako wamesema kweli. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, akahamia New York angali mtoto. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 2018. Urais wa kule hawezi kuugombea kwa sababu hakuzaliwa raia, ila umeya hauna sharti hilo.

Juni 2025, kwenye kura za ndani ya chama cha Democratic, mpiga kura aliruhusiwa kupanga majina hadi matano: chaguo la kwanza, la pili, na kuendelea. Mgombea wa mkiani anaondolewa, na kura zake zinahamia kwa anayefuata kwenye kila karatasi. Utaratibu huu naupenda sana, maana unampa kura unayemtaka kweli bila hofu kwamba umeitupa. Gavana wa zamani wa New York, Andrew Cuomo, alishindwa na Mamdani hapo, akarudi Novemba kama mgombea binafsi (sheria yetu hairuhusu), akashindwa tena. Novemba hiyo walipiga kura watu zaidi ya milioni mbili.

Sasa tuje kwako, maana jambo lako ni zito kuliko ulivyouliza. Mabatini iko Nyamagana, chini ya Jiji la Mwanza. Mwaloni uko Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012 na yenye meya wake. Ushuru wa magunia yako unaingia Ilemela. Kura yako inahesabiwa Nyamagana. Diwani uliyemchagua hana kiti kwenye baraza linalopanga bei ya ushuru huo. Hili linaniuma, na wenzako wengi wa pale wako hivyo hivyo. New York ina maeneo makubwa matano, na tangu 1898 yote yako chini ya meya mmoja. Anayelala Queens na kuuza Manhattan anamdai mtu yule yule.

Kwa hiyo shida ya mwaloni usimpelekee diwani wako wa Mabatini, atakuhurumia tu. Pitieni kwa viongozi wenu wa soko hadi kwa diwani wa Kirumba, mkiwa wengi, na stakabadhi za ushuru mkononi. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Ulizeni Ilemela tarehe ya kikao cha bajeti, muende mkakae mle ndani.