Kurudisha mfupa uliolika kando ya jino: kwa wanaoanza kliniki ya fizi

Wageni wengi wa kazi hii hudhani siri iko kwenye kichupa cha chembe za mfupa. Kichupa ni ghali, lakini kinachoamua matokeo ni seli zipi zitawahi kufika kwenye mzizi. Seli za ngozi ya fizi zina mbio kuliko zote. Zikitangulia huteremka na kuufunika mzizi, na jino halishikani tena na mfupa hapo. Mtafiti Melcher alilieleza jambo hili mwaka 1976. Utando tunaouweka kati ya fizi na mfupa ni wa kuzizuia tu, ili seli za ligamenti ya jino (nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa) na za mfupa zipate nafasi.

Kwa hiyo anza na umbo la pengo kwenye picha ya eksirei. Pengo la wima, jembamba, lenye kina cha milimita 3 au zaidi na kuta tatu za mfupa hujibu vizuri. Pembe kati ya mzizi na ukuta wa mfupa ikiwa digrii 25 au chini, fanya kazi kwa matumaini. Ikizidi 37, punguza ahadi zako. Mfupa ulioshuka kwa usawa hauna kuta za kushikilia damu iliyoganda, usipoteze vifaa vya mgonjwa.

Hata pengo zuri lisikuharakishe. Ondoa ugaga juu na chini ya fizi, subiri miezi kama mitatu, kisha pima upya. Mifuko mingi, yaani nafasi zilizochimbika kati ya fizi na jino, itakuwa imepungua yenyewe. Unaofaa kupasuliwa ni ule uliobaki na milimita 6 au zaidi, katika kinywa ambacho ukoga na fizi kutoka damu viko chini ya asilimia 20 ya sehemu zilizopimwa. Mvuta sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupata mfupa kidogo, waambie mapema. Jino linalocheza lifunge na jirani yake kabla ya siku ya upasuaji.

Jambo ambalo wengi husahau: chembe nyingi hutokana na mifupa ya ng'ombe, utando mwingi wa kolajeni hutoka kwa nguruwe, na jeli ya protini za enameli hutolewa kwenye meno machanga ya nguruwe. Mgonjwa wa Mombasa, Unguja au Muscat ana haki ya kulijua hilo kabla ya ganzi, siyo baada ya kushonwa.

Ukishafungua, linda ncha ya fizi iliyo kati ya meno. Iinue nzima, usiikate katikati. Toa nyama yote ya uvimbe, kisha kwangua mzizi mpaka uwe safi. Hapo usione haya kutumia muda. Ukitumia jeli, paka EDTA (dawa ya kusafisha uso wa mzizi) ya asilimia 24 kwa dakika 2, osha kwa maji ya chumvi, na weka jeli kabla damu haijagusa mzizi.

Chembe, kwa kawaida za milimita 0.25 hadi 1, zilowanishe na ujaze hadi usawa wa ukuta wa mfupa. Usishindilie! Nafasi kati ya chembe ndiyo njia ya mishipa mipya ya damu. Utando uvuke ukingo wa pengo kwa milimita 2 hadi 3, na fizi ifunike bila kuvutwa, kwa uzi wa 5-0 au 6-0. Fizi iliyovutwa huachia ndani ya siku chache, utando ukabaki wazi, bakteria wakaingia na mfupa usiote.

Mgonjwa asipige mswaki eneo hilo kwa wiki kadhaa. Asukutue klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 0.12 au 0.2 mara mbili kwa siku. Nyuzi zitoke baada ya wiki 1 hadi 2. Usiingize kipimo mfukoni kabla ya miezi 6, maana kinachoota bado kinachanika. Na picha ya baada ya mwaka isikudanganye: chembe za ng'ombe hubaki nyeupe kwenye eksirei kwa miaka, hata pale ambapo hazikushikana na chochote. Linganisha kina cha mfuko cha sasa na ulichoandika kabla ya kupasua.